Mlio wa Diski Kuukuu

Ipo sauti ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Ukiwasha kompyuta ya zamani, kwanza unasikia feni. Kisha, chini ya feni, unasikia mlio mwembamba unaopanda polepole kama wa mbu anayekaribia sikio, na ukishafika juu unatulia hapo hapo. Halafu vinaanza vidonyoo, ka-ka-ka, mithili ya kuku anayedonoa mahindi kwenye sinia la bati. Hiyo ni diski ngumu inaamka. Kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina mlio huo kwa sababu ndani yake hamna kitu kinachozunguka. Nimeona si vibaya kuandika habari zake kabla hatujasahau chombo hiki kilitoka wapi, na kwa nini kilipozeeka kilipiga kelele namna ile.

Mafundi wa mitaani kwetu huiita "hadi diski", au kwa mkato "hadi". Hawakukusudia mzaha, wameswahilisha tu neno la Kiingereza. Lakini masikio yangu ya ualimu hayajaacha kusikia swali ndani ya jina hilo: hadi lini?

Asili yake ni mji wa San Jose, California. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilimpeleka huko Reynold Johnson afungue maabara ndogo. Huyu bwana alikuwa mwalimu wa sekondari hapo awali, na jina alilipata kwa kubuni mashine ya kusahihisha mitihani ambayo majibu yake yamewekwa alama kwa penseli. Mwalimu yeyote aliyewahi kurudi nyumbani na mafungu ya karatasi za mitihani ataelewa wazo hilo lilitoka wapi. Tatizo alilolikuta San Jose lilikuwa la namna nyingine. Kumbukumbu za biashara za wakati ule zilikaa kwenye kadi zilizotobolewa matundu, au kwenye utepe wa sumaku. Kadi hazina budi kupangwa na kupangwa upya. Utepe nao hauna njia ya mkato, ukitaka kilichoandikwa mwishoni sharti upite mwanzo na kati. Johnson na wenzake walitaka kufika moja kwa moja penye habari inayotakiwa, kama mtu anavyoinua sindano ya santuri na kuishusha kwenye wimbo anaoupenda.

Basi wakageukia sahani zinazozunguka. Kazi iliyowatoa jasho ilikuwa kuzipaka sahani hizo rangi yenye unga wa chuma, kwa unene ulio sawa kila mahali, kwani penye bonde au kilima habari zisingesomeka. Mmoja wao, Jacob Hagopian, alipata jawabu ambalo hata fundi wa Mnyanjani angelitambua kuwa la kwake. Rangi ilichujwa kwa soksi ndefu ya kike, ikawekwa katika kikombe cha karatasi, ikamiminwa karibu na kitovu cha sahani inayozunguka. Mzunguko wenyewe ukaisambaza hadi ukingoni. Napenda kukumbuka soksi ile kila ninaposikia watu wakisema kwamba teknolojia imeshuka kutoka mbinguni.

Chombo kilichotoka humo kilitangazwa mwaka 1956, nacho kilikuwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Kilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zimepangwa juu kwa juu kama sahani za karamu, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulizidi tani moja. Ili vichwa vya kusomea visiguse sahani, hewa ilishindiliwa kwa mashine na kupulizwa kati yake. Vyote hivyo, kwa kodi ya dola 3,200 kwa mwezi kwa mtambo mzima, viliweza kutunza herufi milioni 5. Leo picha moja ya simu yaweza kuijaza nafasi hiyo. Sijapata kusimama karibu na RAMAC, lakini sahani 50 na mashine ya hewa si watu wa kunong'ona.

Mambo mawili yaliyofuata ndiyo yaliyoifanya diski iwe kama tulivyoijua. La kwanza lilikuja mwaka 1961, IBM ilipotoa diski ambayo vichwa vyake havikuhitaji tena hewa ya kupulizwa. Sahani ikizunguka huburuta hewa pamoja nayo, na kichwa kikichongwa vizuri huelea juu ya hewa hiyo. La pili ni la mwaka 1973. Kundi lililoongozwa na Kenneth Haughton lilifungia sahani na vichwa vyake ndani ya sanduku moja lisiloingia vumbi, na kuvifanya vichwa kuwa vyepesi kiasi cha kuweza kutua juu ya sahani yenyewe mashine inapozimwa. Mpango wa awali ulikuwa wa sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja. Haughton, kwa kuikumbuka bunduki ya Winchester 30-30, akaipa diski jina la bunduki. Kwa miaka mingi baadaye watu wa kompyuta waliita diski zote za namna hiyo "Winchester", wengi wao bila kujua kwamba wanataja silaha.

Kwetu Tanzania habari hiyo ilipita mbali. Mwaka 1974, yaani mwaka mmoja tu baada ya Winchester, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye sana. Kwa hiyo watu wa rika langu hawakupanda ngazi hii daraja kwa daraja. Hatukuona sahani zenye upana wa meza, wala diski za ukubwa wa mashine ya kufulia. Tulipofungua macho diski ilikuwa tayari imeshakuwa kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Kampuni iliyokuja kuitwa Seagate ilitoa mwaka 1980 diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, sawasawa na RAMAC nzima, na mwaka 1983 kampuni ya Rodime ya Uskoti ikaleta ile ya inchi 3.5 ambayo kipimo chake kimedumu hadi leo kwenye kompyuta za mezani.

Sasa nirudi kwenye kelele, maana hapo ndipo penye utamu.

Ndani ya diski mna viungo viwili tu vinavyotembea. Kimoja ni mhimili unaozungusha sahani, na kingine ni mkono unaobeba vichwa. Kila kimoja kina lugha yake. Mhimili wa diski za zamani ulikaa kwenye beringi za gololi, vidude vya chuma vilivyo mviringo mfano wa gololi za watoto, ila vidogo na laini mno. Gololi hizo hutembea ndani ya grisi. Miaka ikienda grisi hukauka, gololi hulika kidogo kidogo na kupoteza umviringo wake, na ule mlio wa mbu unakuwa mlio wa msumeno. Ni kelele ileile ya gurudumu la baiskeli lililokosa mafuta, isipokuwa hili linazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kwa kasi ya 7,200, ukingo wa sahani ya inchi 3.5 unakwenda karibu kilomita 130 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani ambalo dereva wake angepaswa kusimamishwa na trafiki.

Vidonyoo navyo ni vya mkono. Mkono husukumwa na koili ya waya iliyokaa kati ya sumaku kali, na mpango huo ni uleule wa spika ya redio. Mafundi waliobuni waliiita kwa jina hilohilo, koili ya sauti. Kwa hiyo diski inapodonoa si ajabu. Ni spika isiyo na ngozi. Kudonoa kwa kawaida ni afya, ndiyo dalili kwamba inatafuta. Kinachotisha ni mdonoo mmoja wenye mpigo wa saa, ko… ko… ko…, kwa sababu hapo mkono umepotea njia. Hauoni alama za kuuongoza, unarudi mwanzo, unajaribu tena, unarudi tena. Kibaya kupita vyote ni mkwaruzo. Kichwa huelea juu ya sahani kwa umbali ambao unywele wa binadamu unaupita unene kwa maelfu ya mara, na kikigusa kwa mwendo ule kinaukwangua ule utando wa sumaku. Kumbukumbu zinageuka vumbi, na hapa sisemi kwa mafumbo. Ukifungua diski iliyokufa kifo hicho utaliona vumbi lenyewe.

Diski niliyoishi nayo kwa karibu ilikuwa ya gigabaiti 20, imetengenezwa mwaka 2001, ikizunguka mara 5,400. Ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokwisha kutumika, ambayo chama chetu cha kuzikana, hapa Tanga, kiliinunua mwaka 2004. Mimi ndiye katibu. Chama kilikuwa na kaya 140 na ushei, kila kaya ikichanga kidogo kila mwezi, na mfiwa hupewa sanda, jeneza la kukodi, chakula cha matanga, na fungu la mjane. Mweka hazina alipita mlango kwa mlango na daftari dogo la mfukoni. Jioni alikuja kwangu, akanisomea, nami nikaingiza kwenye kompyuta. Kila baada ya miezi mitatu nilitoa nakala kwenye CD, ikakaa nyumbani kwa mwenyekiti.

Mwaka 2011, mwezi Septemba, mlio ulibadilika. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuusikia, akadhani ni jirani anaranda mbao. Fundi, kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, aliinamisha sikio kwenye sanduku la kompyuta kama daktari, kisha akasema, "Mwalimu, hii gololi zake zimekwisha. Inaweza kwenda mwaka, inaweza isifike Ijumaa." Nikamuuliza bei ya mpya, akanitajia. Kamati ikakubali tununue mwishoni mwa Oktoba, michango ikishaingia, wakati uleule wa kutoa nakala.

Wiki ya mwisho ya Oktoba mweka hazina wetu alifariki ghafla.

Kwetu, kabla ya jeneza kuinuliwa, mzee mmoja husimama na kuuliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, au amsamehe. Siku ile swali liliulizwa, na hapakujibu mtu. Lakini ukimya ule haukuwa mwepesi. Daftari la mfukoni halikuonekana, na nakala ya mwisho ilikuwa ya Julai. Michango ya Agosti, Septemba na Oktoba ilikuwa imepita mikononi mwa mtu ambaye sasa hawezi kujitetea. Stakabadhi za benki zilionyesha alichopeleka, hazikuonyesha alichopokea. Jioni, barazani, nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema kwamba nyumba ya marehemu imeezekwa bati jipya mwezi uliopita. Hakuongeza neno, wala haikuhitajika aongeze. Jawabu lote lilikuwa kwenye sahani zile, na sahani zilikuwa juu ya gololi zilizokwisha.

Fundi alinifundisha jambo ambalo sijalisahau. Diski iliyochoka huumia zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapoendelea kuzunguka, kwa sababu vichwa vimetua juu ya sahani na mota inapaswa kuving'oa. Wakati mwingine vinagandamana na sahani haizunguki kabisa. Kwa hiyo, alisema, tukishaiwasha tusiizime mpaka kazi iishe. Ushauri mwema, ila mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme, na msomaji aliyekuwa Tanzania wakati ule hahitaji kuelezwa zaidi. Mwenye duka la vipuri vya baiskeli, naye mwanachama, alituazima jenereta. Tukaiweka uani, tukaijaza petroli, na tukawasha kompyuta saa nne usiku, watoto wa jirani wakichungulia dirishani kama kwamba kuna sinema.

Ilipiga msumeno wake. Ikadonoa mara tatu kwa mpigo wa saa, ikanyamaza, na nikaona mkono wa fundi umesimama hewani. Kisha ikaendelea. "Anza na kile usichotaka kukipoteza, mwalimu," alisema. Nilianza na leja, faili lisilozidi ukubwa wa barua ndefu, nikalipeleka kwenye kijiti cha kumbukumbu kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate. Yaliyobaki, barua, orodha za zamani, picha za mazishi na mikutano, yalichukua hadi karibu na adhana ya alfajiri, kwani kila penye ubovu diski ilisoma na kurudia. Picha 11 hazikusomeka. Za mkutano mkuu wa mwaka 2007, nyingi zilikuwa za watu wakila.

Siku ya khitma nilisoma leja mbele ya wanachama, kaya moja moja, miezi mitatu. Kila niliyemtaja aliitikia kwamba ndivyo alivyolipa. Jumla ikalingana na stakabadhi za benki bila kupungua shilingi. Mtu wa bati jipya naye alikuwepo, jina lake likasomwa, akaitikia kama wengine.

Watu huniuliza kama mitambo yenyewe haiwezi kumwonya mwenye diski mapema. Inaweza, kwa kiasi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 diski zilipewa uwezo wa kujipima na kuhesabu makosa yake. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwenye mitambo yao. Waliona kwamba diski ikishagundua kosa la kwanza katika ukaguzi wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unapanda mara 39. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili hata moja katika vipimo hivyo, ukiacha joto. Zaidi ya theluthi zilikwenda kimya. Nikilinganisha, naiona diski yetu ilitufanyia adabu. Ilipiga kelele mwezi mzima.

Tulipokwenda kununua mpya mwezi Novemba, bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyotajiwa Septemba. Nilimgeukia fundi kwa macho ambayo mwanafunzi wangu wa zamani aliyajua.

"Maji, mwalimu," akasema.

"Maji gani?"

"Maji ya Thailand."

Alikuwa anasema kweli. Mwezi Oktoba mwaka huo mafuriko yalivamia maeneo ya viwanda kaskazini ya Bangkok, yakiwemo ya Ayutthaya. Kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in kiliingiwa na maji, hata wapiga mbizi wakatumiwa kuokoa mitambo, na viwanda vya Nidec, vilivyokuwa vikitengeneza mota ndogo za kuzungushia diski, navyo viliathirika. Sehemu kubwa ya diski za dunia nzima ilikuwa ikitoka nchi hiyo moja. Bei zilipanda Ulaya, zikapanda Marekani, na zikapanda kwenye duka dogo la Tanga lenye kabati moja la vioo. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na sijapata mfano mzuri zaidi wa somo la biashara ya dunia.

Diski ndogo kuliko zote iliyokuwepo ilikuwa ya gigabaiti 320, na waya wake haukufanana na wa kompyuta yetu. Ikabidi tununue na kibao kidogo cha kuunganishia. Fundi alituonya tangu dukani kwamba kompyuta ya mwaka 2001 haitaiona yote. Zile za zamani zilihesabu vipande vya diski kwa tarakimu 28 za moja na sifuri, zinazotosha kuhesabu vipande 268,435,456, kila kimoja cha baiti 512. Ukizidisha unapata gigabaiti 137 na kidogo, basi, mwisho wa hesabu. Kilichozidi hapo kipo, umekilipia, ila kwa mashine hakipo. Mwenyekiti alitaka kujua kama tungerudishiwa fedha za kile kisichoonekana. Chama chetu hakijajaza hata gigabaiti 2 hadi leo.

Diski mpya haikulia. Siku ya kwanza niliweka kiganja juu ya sanduku kuhakikisha kwamba inazunguka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji waliacha gololi, wakaweka mhimili unaoelea ndani ya mafuta, chuma hakigusi chuma. Kisha ikaja namna isiyo na mzunguko kabisa, inayotunza habari kwenye vipande vya elektroniki vilivyotokana na kazi aliyoianza Fujio Masuoka huko Toshiba katika miaka ya 1980. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za mkononi sasa. Katika viwanda vingi vya diski za kuzunguka vilivyokuwepo, wamebaki watengenezaji watatu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na diski zao kubwa zimehamia kwenye majumba ya mitambo ya kampuni za intaneti, baadhi zikiwa zimejazwa gesi ya heliamu badala ya hewa ili sahani zisipate upinzani. Huko zinalia kwa maelfu, na hakuna wa kuinamisha sikio.

Ile ya zamani hatukuitupa nzima, kwa kuwa ilikuwa na majina ya watu, madeni yao na misiba yao. Fundi aliifungua kwa bisibisi mbele ya kamati. Ndani mlikuwa na sahani moja inayong'aa kuliko kioo changu cha kunyolea, na karibu na ukingo palikuwa na duara jembamba la kijivu, mahali kichwa kilipokuwa kimeanza kugusa. Sahani tuliipiga kwa nyundo. Sumaku mbili za mkono, zenye nguvu ya kumbana mtu kidole, aliziomba mjane wa mweka hazina, ambaye ni fundi cherehani. Ameigandisha moja kwenye mguu wa cherehani yake, na pini zote zinazodondoka zinakwenda hapo.